Templeti za kurasa zinazoharirika: faili, databesi, stoo ya wingu au mseto?

Chukulia mna mfumo wa shule unaotumiwa na shule nyingi kwa wakati mmoja, programu ni moja ila kila mkuu wa shule ana yake: huyu anataka risiti ya ada iwe na nembo kubwa juu, yule anataka maoni ya mwalimu wa darasa yatangulie kabla ya jedwali la alama, shule ya seminari barua kwa mzazi inaanza na "Tumsifu Yesu Kristo" na ya jirani yake inaanza na "Assalaam alaykum", na wote wanataka wabadilishe wenyewe bila kumpigia developa simu saa tatu usiku. Basi mnakubaliana templeti, yaani violezo vya kurasa vyenye nafasi za kujazwa data, ziwe za kuharirika. Sawa. Zikae wapi sasa?

Hapo ndo watu wanagawanyika. Kuna wa "faili na Git inatosha bana" (Git ndo inayotunza historia ya mafaili ya programu), kuna wa "tupia kwenye databesi umalize", kuna wa S3, stoo ya wingu ya Amazon, na kuna waliochanganya vyote halafu hawakumbuki ipi inashinda ipi. Kwa maoni yangu hakuna iliyo mbovu kati ya hizi, ila kila moja ina mahali inapokubana, na mahali penyewe hupaoni siku ya kwanza, unapaona wateja wameshazoea na huwezi tena kubomoa.

Vigezo kwanza

*Nani anahariri.* Hiki ndo kigezo mama. Kama wanaohariri ni madevelopa peke yao, nusu ya mjadala imeisha. Kama ni karani wa ofisi anayejua Word na WhatsApp tu, mambo yanabadilika kabisa.

*Kurudi nyuma.* Mtu akiharibu unarudishaje ya jana? Na kuna la pili ambalo watu hawaliulizi mapema: risiti iliyotoka mwezi wa pili, mzazi akiiomba tena mwezi wa tisa, itoke na sura ya mwezi wa pili au ya leo? Kwa barua haina shida, kwa risiti na ankara ina shida kubwa, maana karatasi mbili zenye namba moja na sura mbili mezani kwa mkaguzi, utaeleza mpaka ukauke koo.

*Kasi.* Templeti inasomwa kila ukurasa unapofunguliwa, inabadilishwa labda mara moja kwa muhula. Kwahiyo unaangalia kache (nakala ya karibu ya kusomwa haraka) inakaaje, na hasa kache inajuaje kwamba kitu kimebadilika.

*Usalama.* Templeti siyo maandishi tu, ni kaprogramu. Swali ni nani unamruhusu aandike programu ndani ya seva yako.

*Kuhama na bakapu.* Kutoka mashine ya majaribio kwenda ya kazi, na siku seva imekufa.

1. Faili ndani ya Git

Hii ndo fremuweki za kujengea tovuti kama Django, Laravel na Rails zinakupa toka mwanzo, folda ya templeti na kazi inaanza.

*Nani anahariri.* Madevelopa, na designa anayeijua Git. Karani hapana. Watu wanajaribu kumtengenezea karani ukurasa unaoandika moja kwa moja juu ya faili la seva, na kwenye hosti ya kawaida ya cPanel inakubali vizuri tu, ila ukihamia kontena (kifurushi cha programu kinachowashwa na kufutwa wakati wowote) au huduma kama Heroku unalia, maana Heroku inawasha programu upya angalau mara moja kwa siku na chochote kilichoandikwa kwenye diski kinafutika, karani kahariri jioni, kesho yake anakuta ya zamani imerudi na anaapa kabisa alisevu. Na mkiwa na seva mbili zinazogawana wateja faili limebadilika kwenye moja tu, mzazi anafungua anaona nembo mpya, anafungua tena anaona ya zamani.

*Kurudi nyuma.* Kwa historia hakuna kinachoifikia Git. Nani, lini, mstari upi, na sababu kama watu wenu wana adabu ya kuandika ujumbe unaoeleweka. Ila inayoishi kwenye seva ni moja tu, kwahiyo kwa ile risiti ya mwezi wa pili itabidi muwe na risiti_v1 na risiti_v2 kama mafaili mawili, au muhifadhi PDF yenyewe siku ilipotoka. Hiyo ya PDF kwakweli naipenda kwa njia zote nne, ni nafasi kidogo ya diski unanunua amani.

*Kasi.* Ndo yenye kasi kuliko zote na hufanyi chochote. Django inashika templeti ikiwa imeshachambuliwa kwenye kumbukumbu, toka toleo 1.11 hiyo kache inajiwasha yenyewe ukiweka DEBUG kuwa False, na toka 4.1 hata kwenye mashine ya developa. Laravel inaigeuza Blade, lugha yake ya templeti, kuwa PHP ya kawaida ndani ya storage/framework/views, ukiendesha php artisan view:cache wakati wa kudiploi (kupeleka programu mpya kwenye seva) hata mtumiaji wa kwanza hasubiri.

*Usalama.* Anayeandika ni mtu wako na kuna macho ya pili kabla haijaunganishwa. Umelala.

*Kuhama na bakapu.* Nakala iko kwa kila developa. Bei yake ni kwamba hata kubadili nukta inasubiri foleni ya kudiploi.

Inawafaa: timu ndogo, mteja mmoja, sura zisizobadilika ovyo.

2. Databesi

*Nani anahariri.* Yeyote mwenye nywila ya dashibodi. Kwa mfumo wa shule nyingi hapa faili linaachwa mbali, unaongeza safu ya shule_id na kila shule inabaki na yake bila kuongeza folda hata moja.

*Kurudi nyuma.* Watu wanadhani databesi inakuja na historia. Haiji. UPDATE inaifuta ya jana na hairudi. Kinachofanya kazi ni kutoandika juu kabisa: kila anaposevu unaingiza mstari mpya kwenye jedwali la matoleo, na templeti yenyewe inabeba namba ya toleo linalotumika sasa. Kurudi nyuma inakuwa ni kubadilisha hiyo namba, sekunde moja. Na hapa ndo lile la risiti ya mwezi wa pili linatatulika kwa uzuri, kila risiti inabeba namba ya toleo lililoitoa, ukiichapisha tena inatoka vilevile. Kwa Django kuna django-dbtemplates ambayo inaweza kushirikiana na django-reversion kama hutaki kujenga mwenyewe. Namba hiyohiyo ya toleo inakusaidia pia wahasibu wawili wakifungua templeti moja pamoja: fomu inatuma namba aliyoanza nayo, kama si ya sasa hivi tena, mfumo unamwambia "mwenzako ameshabadilisha, angalia kwanza", badala ya wa mwisho kumfuta wa kwanza kimyakimya.

*Kasi.* Usiulizie databesi kila ukurasa. Templeti ya ripoti inarithi ukurasa mama, inaita kichwa, inaita sehemu ya chini, inaita jedwali la alama, tayari ni safari tano kabla hujagusa data ya mwanafunzi. Weka kache, na ufunguo wa kache uwe na namba ya toleo ndani yake, hapo huna haja ya kufuta kache maana toleo jipya lina ufunguo mpya. Twig, injini ya templeti (programu inayozijaza) ya PHP, imelifikiria hili, loda yoyote (sehemu inayoleta templeti) lazima itoe getCacheKey na isFresh, na kwenye maelekezo yao kuna mfano wa loda ya databesi. Kwa Django kuwa makini: ukiandika orodha ya loda kwa mkono ile ya kache haijiongezi, na ukiamua kuifunga loda ya databesi ndani ya hiyo kache, karani atasevu na asione kitu mpaka seva iwashwe upya, kwasababu hiyo kache haiulizi kama kuna jipya.

Kingine kidogo ila kinauma. Safu ya TEXT kwenye MySQL mwisho wake ni baiti 65,535. Karani akibandika nembo ndani ya templeti kama maandishi ya base64 (picha iliyogeuzwa kuwa herufi) hiyo safu inajaa haraka, kwenye hali kali MySQL inakataa, ambayo ni ya kawaida toka 5.7, kwenye seva za zamani zilizolegezwa inakata mkia na kuendelea kama hakuna kitu. Tumia MEDIUMTEXT na utf8mb4, ile utf8 ya zamani ya MySQL haibebi emoji na watu wanaweka emoji mpaka kwenye risiti, jamani.

*Usalama.* Hapa kaa chini usome taratibu. Databesi yenyewe haina kosa, kosa ni injini unayomkabidhi mhariri. Blade inakubali @php, kwahiyo ukichukua maandishi ya karani ukayapeleka kwenye Blade::render umempa PHP kamili kwenye seva yako, yeye na yeyote atakayeijua nywila yake, na nywila za ofisini tunazijua zinavyobandikwa kwenye kioo cha kompyuta. Django nao wanasema wazi kwenye maelekezo yao kwamba mfumo wao wa templeti haukutengenezwa kwa waandishi usiowaamini. Mwaka 2015 James Kettle wa PortSwigger alionesha jinsi mtu anavyoanza na kuandika ndani ya templeti anaishia kuendesha amri kwenye seva, na toka hapo hakuna wa kusema hakujua.

Zipo injini za kazi hii. Liquid ilitokea Shopify mwaka 2006 kwa shida hiihii, wenye maduka wahariri kurasa zao bila kuigusa seva. Jinja2 ya Python ina SandboxedEnvironment, yaani hali ya kumbana mhariri asiguse visivyomhusu, Twig ina sandbox yake. Zinapunguza, hazimalizi: mtu bado anaweza kuandika lupu ndani ya lupu ndani ya lupu seva ikapumua kwa shida, na hata Liquid haimzuii kuweka skripti ya JavaScript kwenye ukurasa ambao mzazi ataufungua akiwa amelogini. Mpe injini orodha ya vitu vichache vya kuonesha, jina, darasa, kiasi, salio, na usimpe kitu kizima cha mtumiaji chenye kila kitu ndani.

*Kuhama na bakapu.* Bakapu inakuja bure na bakapu ya databesi. Kuhama ndo kazi. Developa anabadilisha jina_mzazi kuwa mlezi.jina kwenye programu, majaribio yanapita, anadiploi, na templeti za shule zote bado zinaita jina la zamani. Django, Jinja2 na Liquid kwa mipangilio ya kawaida hazipigi kelele, zinaacha patupu, barua zinatoka "Ndugu mzazi ," na hakuna hata kosa moja kwenye logi. Dawa ni mbili: majina uliyowapa wahariri yachukulie kama mkataba, huyabadilishi, unaongeza tu; na kabla ya kudiploi pitisha templeti zote za wateja kwenye data ya mfano huku injini iko kwenye hali ya kukataa jina isilolijua, Jinja2 inaita StrictUndefined.

Inawafaa: mfumo wenye wateja wengi, wahariri wasio madevelopa, nyaraka zinazorudiwa kuchapishwa baadaye.

3. Stoo ya wingu, S3 na ndugu zake

*Nani anahariri.* Kama databesi, unahitaji kumjengea karani dashibodi. Tofauti ni kwamba designa anaweza kupakia mwenyewe kwa programu kama Cyberduck bila kupita kwako.

*Kurudi nyuma.* Unawasha utunzaji wa matoleo na kila unapoandika juu ya zamani inabaki, hata ukifuta linawekwa alama tu ya kufutwa. Ukishauwasha huwezi kuuondoa tena, unausimamisha tu. Kila toleo linalipiwa kama faili zima, ila kwa templeti ya kilobaiti kumi hata usipige hesabu. Risiti inaweza kubeba namba ya toleo la S3 kama tulivyofanya kwa databesi, ila angalia mtu wa seva asije akaweka kanuni ya kufuta matoleo ya zamani kubana matumizi, risiti zako zitabaki zinaelekeza hewani. Nani kabadilisha na kwanini, hilo haliandiki kwa namna karani ataelewa, unaongeza mwenyewe.

*Kasi.* Ni safari ya mtandao. Kwa Afrika AWS (wingu la Amazon) wana kituo cha Cape Town toka 2020, na lazima ukiwashe mwenyewe kwenye akaunti, hakiji tayari. Kama seva yako iko Dar au Nairobi na stoo iko Ireland, kache ndani ya programu ni lazima. Kuna hofu ya zamani kwamba unaandika halafu ukisoma unapata ya zamani, hiyo iliisha Desemba 2020, sasa ukisoma baada ya kuandika unapata mpya. Ila ukiweka CloudFront, huduma ya Amazon ya kusambaza nakala karibu na watumiaji, mbele bila kuipa maelekezo inashika kitu saa 24, na karani atakupigia simu mara nyingi ndani ya hayo masaa. Kwa templeti sioni haja ya CloudFront kabisa, anayezisoma ni seva yako, mzazi anapata ukurasa ulioshajazwa.

*Usalama.* Suala la injini ni lilelile, halijabadilika hata kidogo. Kinachoongezeka ni funguo: mwenye ruhusa ya kuandika kwenye hiyo stoo anaandika programu yako, kwahiyo zitenge na stoo ya picha ambazo wanafunzi wanapakia.

*Kuhama na bakapu.* Seva kumi zinasoma sehemu moja, kontena likifa haliondoki na kitu, na kunakili kutoka stoo ya majaribio kwenda ya kazi ni amri moja. Kinachokosekana ni muamala, yaani mabadiliko kadhaa kuingia pamoja au yasiingie kabisa. Kichwa kipya na mwili mpya vinavyotegemeana, kimoja kinafika sekunde chache kabla ya kingine na aliyefungua katikati anaona mchanganyiko. Kwa kugongana kwa wahariri, mwaka 2024 S3 waliongeza kuandika kwa masharti, andika tu kama faili bado ni lilelile nililolisoma, inasaidia sana.

Inawafaa: programu yenye seva nyingi au kontena zinazokuja na kuondoka, templeti kubwa kubwa, timu ambayo tayari inaishi kwenye wingu.

4. Mseto

Templeti ya asili iko kwenye faili, mteja akihariri nakala yake inaingia databesi na inafunika ile ya faili, akibonyeza "rudisha ya mwanzo" unafuta mstari wake na faili linachomoza tena. WordPress wako hivi toka toleo 5.9 la Januari 2022: templeti za themu ziko kwenye mafaili, ukihariri kwenye kihariri cha tovuti inasevu ndani ya wp_posts kama aina ya wp_template, na ya databesi ndo inashinda. Ndo maana utakuta mtu anahangaika kuhariri faili la themu kwa FTP asubuhi nzima na tovuti haitikisiki. Nakala iko databesi, inamkalia.

*Nani anahariri.* Wote, kila mtu kwa mlango wake.

*Kurudi nyuma.* Git kwa ya asili, matoleo kwa za wateja. Karani ana kitu ambacho njia nyingine hazimpi kirahisi: pa kurudi ambapo hawezi kupaharibu.

*Kasi.* Ambao hawajahariri wanapata kasi ya faili, ila bado unauliza kwanza kama yupo aliyefunika, hata hilo jibu la "hakuna" liweke kwenye kache. Twig ina ChainLoader ya kupanga loda kwa zamu, Django inafuata orodha ya loda ulivyoipanga.

*Usalama.* Faili inaweza kutumia injini yenye nguvu, ya mteja itumie ya kubanwa. Hapo mna injini mbili na mseto unaanza kuwa kazi kweli. Na kama hamtumii kihariri cha mafaili cha WordPress, kizimeni kwa kuweka DISALLOW_FILE_EDIT kuwa true kwenye wp-config.php.

*Kuhama na bakapu.* Tatizo lake la pekee: mmeboresha templeti ya asili, mmerekebisha kosa la jumla ya ada, shule zilizofunika hazipati marekebisho. Hifadhi mteja alifunika toleo lipi la asili, ukitoa jipya umwoneshe tofauti, aamue. Bila hivo utakuwa na kosa ulilorekebisha linaloendelea kuishi kwa theluthi ya wateja.

Inawafaa: bidhaa inayouzwa kwa wengi, wengi wao hawatahariri chochote.

Sasa wewe uko wapi?

Mteja mmoja, anabadilisha mara mbili kwa mwaka, mko madevelopa wawili: faili na Git, na ujumbe wa WhatsApp ukija fanya mwenyewe, ni dakika kumi. Kujenga dashibodi kwa hilo ni kujipa kazi.

Wateja wengi na kila mmoja ana sura yake kabisa: databesi yenye jedwali la matoleo toka siku ya kwanza, hata kama hakuna aliyeomba historia, kuiongeza baadaye data ikiwa imeshafutwa haiwezekani.

Wateja wengi ila karibu wote wanatumia ileile, wachache wanagusa nembo na anwani: kabla hata ya mseto jiulize kama wanahitaji templeti. Mara nyingi wanahitaji fomu ya mipangilio, nembo, rangi, anwani, maneno ya chini, na templeti inabaki faili lako. Nusu ya maombi ya "tunataka kuhariri wenyewe" yanaishia hapo na hakuna injini ya kubana.

Kontena zinazoongezeka na kupungua, au templeti zinazotumiwa na programu zaidi ya moja: stoo ya wingu, na databesi ibaki inashika tu nani kabadilisha na toleo lipi liko hewani.

Nyaraka za pesa, popote utakapoziweka: mistari ya kisheria isifutike. TIN kwa Tanzania, PIN ya KRA kwa Kenya, kodi ya VAT itoke kwenye mfumo na siyo mtu kuandika "18%" kwa mkono ndani ya templeti, maana bidhaa ikija kutumika Kenya ambako ni 16% kuna mtu atasahau kubadilisha. Mfumo ukatae kusevu kama hizo sehemu hazimo, na umwoneshe mhariri ukurasa wenye data ya mfano kabla haujaenda hewani.

Na kama unaanza na hujui wateja watataka nini, anza na faili ila usiite faili moja kwa moja kila mahali kwenye programu, pitisha kwenye fankisheni moja, leta_templeti(jina, shule). Leo inasoma folda. Siku shule ya kwanza ikigoma na nembo yake, unabadilisha ndani ya hiyo fankisheni tu.